Chumvi, lutuku na malakiti: majaribio yangu ya rangi za maji hapa Lubumbashi (uzi mrefu, njooni na kiti)

Fundi_Katuba (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote.

Mchana nachora vibao: saluni, duka la dawa, "Hapa Tunatengeneza Simu". Usiku nachora kwa rangi za maji, na huko hakuna mteja wa kuniambia herufi ziwe kubwa. Huu ni mwaka wa tatu nafanya mambo ambayo mwalimu wangu wa kuchora angenitoa darasani nayo: kumwaga chumvi juu ya karatasi, kudondosha pombe, kufunika picha na sashe, kukwaruza na ukucha. Watu wananiuliza kila siku, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Basi nayaweka hapa yote, na yaliyoharibika nayo.

Kabla ya kukimbilia jikoni kuchukua chumvi, jifunze kwanza kusoma mng'ao. Inama hadi jicho liwe karibu sawa na meza, dirisha liwe mbele yako, utazame karatasi kwa ubavu. Inakwambia saa yenyewe. Mimi nimezipa nyakati zake majina:

Kioo: maji yamesimama juu, unaliona dirisha ndani yake.
Hariri: maji yameanza kuingia, dirisha limepotea, umebaki mng'ao mpole kama kitambaa cha arusi.
Baridi: mng'ao umekwisha na macho yanakwambia imekauka. Macho yanadanganya. Gusisha mgongo wa kidole, utasikia ubaridi. Maji bado yako ndani.
Kavu: kidole hakisikii kitu. Hata hapo mimi naenda kwanza kunywa chai.

Sasa chumvi. Tumia ile ya punje kubwa, laini inatoa vumbi tu. Inataka hariri. Ukiitia wakati wa kioo inayeyuka yote, unabaki na weupe usio na umbo. Ukiitia wakati wa baridi inakaa pale kama mchanga juu ya meza. Ila ukiipatia hariri, kila punje inaanza kunywa maji ya karibu yake, rangi inasukumwa pembeni, na baada ya nusu saa unakuta kinyota cheupe chenye miiba. Punje tano zinatosha picha nzima. Mimi mwanzo nilikuwa narusha konzi, kama mtu anayetia chumvi kwenye sombe (majani ya muhogo) ya msiba.

Na hapa ndipo video za watu wa Ulaya zilinipoteza. Wanasema ngoja dakika kadhaa. Dakika zao hazifanani na zetu, na zetu hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Mwezi wa saba hapa, kiangazi, hewa kavu, mji uko juu mita kama 1,200: kutoka kioo hadi baridi nahesabu dakika nne, na hariri yenyewe haifiki dakika moja. Mwezi wa pili, mvua za kila alasiri, karatasi ile ile inakaa dakika ishirini na zaidi. Ndiyo maana nasema tazama mng'ao, saa iache ukutani.

Pombe: alkoholi ya duka la dawa, ile ya asilimia 90. Chovya ncha ya kijiti, dondosha kati ya kioo na hariri. Rangi inaruka nyuma kama imeona nyoka, inaacha duara jeupe lenye kitone katikati. Macho ya samaki, mimi naita hivyo. Nilijaribu na lutuku pia, pombe kali ya kienyeji, kwa sababu jirani anayo na duka la dawa liko mbali. Lutuku ya kwanza kutoka kwenye mtungi, ile kali, inafanya kazi. Ile ya mwisho ni maji yenye hasira, haikunipa kitu zaidi ya harufu, na mke wangu akataka maelezo.

Sashe, yaani mfuko wa plastiki: ile nyembamba ya kufungia mkate. Ikunje-kunje, iweke juu ya rangi wakati wa kioo, weka kitabu juu, uende kulala. USIFUNUE kuchungulia. Asubuhi unakuta mistari na pembe kama jiwe lililopasuliwa. Nyumba za mabati, majani ya migomba, mwamba, yote yako humo, wewe unachagua.

Bujie: chora na mshumaa mweupe kwenye karatasi kavu, kisha pitisha rangi. Palipo na nta panakataa maji. Umeme wetu mnaujua, mishumaa haikosekani nyumbani.

Ukucha: huu ndio napenda kuliko yote na haugharimu hata franka moja. Ukikwaruza wakati wa kioo, unaumiza karatasi na rangi inatiririka ndani ya kidonda: mstari mweusi. Ukingoja hariri inakufa, ukakwaruza kwa kubonyeza, unaisukuma rangi kando: mstari mweupe. Ukucha ule ule, mkono ule ule, sekunde arobaini katikati, na umepata giza na mwanga. Majani yangu yote ya mto Lubumbashi nayachora hivi.

Sasa aibu. Mwaka jana katika mvua mtu aliniagiza picha ya bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kilima chake cheusi, usiku wenye nyota. Nikasema nyota ni kazi ya chumvi. Nikamwaga. Zikatoka nyota nzuri ajabu. Nilikuwa na haraka, nikapangusa chumvi wakati wa baridi, nikadhani imetoka yote, nikaitia kwenye fremu ya kioo. Wiki tatu baadaye akanipigia simu: "Fundi, picha yako inalia." Nikaenda. Kweli inalia. Chumvi iliyobaki kwenye karatasi ilikuwa inavuta unyevu wa hewa, na chini ya kioo yametokea machozi mawili ya buluu yaliyoshuka hadi kwenye mlango wa kiwanda. Nikarudisha nusu ya pesa. Nusu nyingine nilikuwa nimeshakula.

Nasubiri yenu.

---

YayaWaKampemba

Mdogo wangu aksanti, nimecheka peke yangu kwenye basi watu wakanitazama.

Chumvi uingoje iwe kavu kabisa, kisha uikwangue na kadi ya simu ya zamani, halafu upitishe pinso (brashi) kavu. Na usiitumie kwa picha ya kuuza. Iweke kwa daftari lako.

Nimekuja na jambo jingine. Tunakaa juu ya rangi, tunanunua rangi. Mimi malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, nasaga mwenyewe sasa, na nitaeleza, ila someni hadi mwisho kabla ya kushika nyundo.

Mnawajua mafundi wanaochonga malakiti: shanga, vibakuli, vyombo vya kutilia majivu ya sigara, ubao wa sataranji. Wanabaki na vipande vidogo visivyofaa. Mara ya kwanza nilichukua vumbi la chini ya gurudumu lao, nikajiona mjanja. Lile vumbi limechanganyika na mchanga wa jiwe la kusagia, likakwaruza karatasi kama msasa. Chukueni vipande vyenyewe, vya kijani kibichi, vioshwe.

Navifunga ndani ya kitambaa kizito mara mbili, napiga nyundo hadi viwe kama punje za mahindi. Kisha kinu, na ndani ya kinu kuna MAJI. Sisagi kavu hata siku moja. Ni shaba ile, vumbi lake si la kuingiza kifuani. Kinu hicho hakirudi jikoni tena, na pinso usiitie mdomoni kuinyoosha ncha, najua mnafanya.

Ukishasaga, mimina kwenye chupa ya mayonezi, jaza maji, tikisa, hesabu hadi kumi, mimina yale maji ya mawingu kwenye chupa ya pili. Ya pili tikisa, hesabu hadi sitini, mimina kwenye ya tatu. Acha zote zilale usiku. Asubuhi una kijani tatu kutoka jiwe moja. Na hapa ndipo nilishangaa: ile nzito, ya punje kubwa, ndiyo ya kijani kali kama shingo ya bata. Kadiri unavyosaga, inapauka. Ile laini kabisa ni kama maziwa yaliyotiwa jani moja la sombe. Miezi miwili nilisaga nikidhani ninaongeza rangi, kumbe naifukuza.

Gundi: ya mgunga, ile wanayoiita gundi ya Kiarabu, ndiyo iliyomo katika rangi nyingi za maji za dukani. Nyingi duniani inatoka Sudani. Kipimo changu ni sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji ya moto, ilale usiku, uichuje na kitambaa. Kijiko kidogo cha asali ili rangi isipasuke ikikauka. Changanya na unga wa rangi juu ya kioo cha dirisha, ukisugua na kitako cha chupa kwa mduara, hadi sauti ya mchanga iishe.

Ile ya punje kubwa haikubali kulala sawasawa. Inatua kwenye vishimo vya karatasi, inaacha madoadoa. Kwa majani ya miombo baada ya mvua ya kwanza sijapata kitu kinachoishinda.

---

BintiUnguja

Salamu kutoka Zanzibar, nimesoma yote. Dada wa Kampemba, asali yako haikuvutia sisimizi? Mimi nilitengeneza rangi ya asali, nikaiacha barazani, asubuhi nikakuta msafara wao umeshaingia kwenye bluu, na nyayo zao zimevuka picha hadi ukutani. Niliitundika hivyo hivyo, wageni wanasema ni ya kisasa.

Na ukungu? Huku kwetu unyevu ni mwaka mzima. Natia tone moja la mafuta ya karafuu kwenye gundi, linakaa miezi.

---

YayaWaKampemba

Binti, sisimizi walikuja, nikaweka kisahani juu ya kopo lenye maji. Karafuu sikujua! Gundi yangu ya Disemba ilioza ikanuka kama bukari (ugali) ya juzi. Nitajaribu.

---

Kalamu_Kavu

Samahani kuharibu sherehe. Mimi niko Nairobi, nachora kwa wino. Ninachokiona hapa ni vijana wanaotafuta njia ya kutojifunza kuchora. Chumvi, plastiki, pombe: hayo ni mazingaombwe. Na ukweli usemwe, rangi za maji ni sanaa ya Waingereza wenye mwavuli na mvua zao, sisi jua letu linataka rangi nzito.

---

Fundi_Katuba

Kaka Kalamu, karibu. La kwanza nusu nakubali, la pili hapana kabisa.

Nianze na la pili, maana limenigusa nyumbani. Mwaka 1926 kule Bukama, hapa hapa Katanga, kwenye mto Lualaba, ofisa mmoja wa Kibelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zenye picha ukutani. Picha za ukutani mvua inakula. Akampa mchoraji karatasi na rangi za maji. Mchoraji huyo ni Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Mke wake Antoinette naye alichora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilikuwa zinaonyeshwa Brussels. Na katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Paris mwaka 2015, hesabu ya miaka ilianzia hapo, 1926. Kwa hiyo ukiniambia rangi za maji si zetu, mimi nakuuliza: sisi tulianza na nini kwenye karatasi?

Tazama picha zake ukipata nafasi. Chui, mti, mtu, na weupe mtupu pande zote. Hakujaza karatasi. Ule weupe ulinichukua miaka kuuelewa, maana mchora vibao anaogopa fasi tupu, mteja atasema umemwibia rangi.

Na vidole? Baada ya vita, 1946, Mfaransa mmoja, Romain-Desfossés, alifungua karakana hapa mjini, enzi hizo Elisabethville, watu wakaiita Le Hangar. Humo walikuwamo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela, mtu wa Chad. Bela alikuwa anapaka kwa ncha za vidole, kidoa kwa kidoa. Mwenze yeye ni vistari vifupi vifupi, picha nzima. Pilipili na samaki wake na ndege. Watatu, mikono mitatu, na hakuna aliyewaambia ni mazingaombwe.

La kwanza sasa. Ni kweli, chumvi inalewesha. Kuna wakati kila anga langu lilikuwa na nyota, hata picha za mchana. Mtoto wangu akauliza kwa nini mama anauza nyanya ndani ya theluji, na theluji hajaiona isipokuwa kwenye televisheni. Siku hizi najiwekea mpaka: hila moja kwa picha moja, na picha iwe inasimama hata nikiitoa hiyo hila.

---

Mwalimu_wa_Fizikia_Likasi

Habari zenu. Nafundisha sekondari, na uzi huu nimeusoma kama karatasi ya mtihani, mtanisamehe.

Macho ya samaki ya Fundi: uso wa maji una mvuto, kama ngozi iliyokazwa ya ngoma. Alkoholi ina mvuto mdogo. Ukidondosha tone, unalegeza ngozi fasi moja, na pande zote zilizokaza zinavuta kuelekea kwao. Maji yanakimbia na rangi yanaibeba. Lutuku ya mwisho ina maji mengi, hailegezi kitu. Jaribuni na sahani ya maji na pilipili ya unga juu yake, tone la sabuni katikati. Wanafunzi wangu hupiga kelele kila mwaka.

Kingo nyeusi za tone lililokauka, zile zinazowaudhi: kingo za tone zimeshika karatasi na pale ndipo maji yanapopotelea hewani haraka, basi maji ya katikati yanakwenda kujaza pengo na yanabeba chembe. Mduara wa kahawa chini ya kikombe ni hadithi hiyo hiyo. Watafiti wa Chicago waliieleza vizuri mwaka 1997. Jambo la kila siku, na maelezo yake kamili ni ya juzi tu.

Sasa jambo zito. Dada wa Kampemba ameeleza vizuri, ila nakuomba uongeze: MSIOKOTE mawe msiyoyajua kwa sababu yana rangi nzuri. Niko Likasi, mgodi wa Shinkolobwe si mbali na hapa. Uranium iliyotumika kwa bomu la Hiroshima mwaka 1945 kwa sehemu kubwa ilitoka pale. Mawe ya njano kali, machungwa, au kijani cha kuelekea njano yanayong'aa, yaacheni chini, hata mtu akikupa bure. Zaidi akikupa bure.

Na kwa atakayeuliza kobalti, maana kila mwaka mwanafunzi mmoja huuliza: hapana, huwezi kusaga jiwe la kobalti ukapata buluu. Madini ya kobalti ya huku kwetu mengi ni meusi. Buluu ya kobalti ni ya kiwandani, ilitengenezwa na Thénard Ufaransa mwaka 1802, unachoma kobalti pamoja na alumina kwenye joto la kama nyuzi 1,200. Inauma kidogo, nakubali. Kongo ndiyo inatoa kobalti nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na kidude cha buluu hiyo nililipia bei ya viatu.

Malakiti pia: isikutane na kitu kichachu. Ndimu, siki, vinaila. Ukiipasha moto sana inakuwa nyeusi. Wauzaji wa shanga feki wanajua kwa nini hawataki udondoshe siki dukani kwao.

---

YayaWaKampemba

Mwalimu aksanti. Kumbe ndiyo sababu! Niliichanganya na maji ya bisapu, kile kinywaji chekundu cha maua, nikapata mapovu na rangi ya matope. Nilidhani nimelogwa.

---

Goma_Jiwe_Jeusi

Jambo yenu kutoka Goma. Huku karatasi nzuri hazifiki siku hizi, tunachora kwa tulichonacho, lakini mawe tunayo hadi ndani ya nyumba.

Niliona mnazungumzia kusaga nikasema mimi pia. Nilichukua jiwe la volkano yetu ya Nyiragongo, la mwaka 2002, ule moto uliopita katikati ya mji hadi ziwani. Jeusi tititi. Nikapiga siku nzima. Ni gumu mno, nyundo ilipoteza mpini. Jioni nina kijiko kimoja, na kile kijiko… KIJIVU. Cha kahawia kidogo. Weusi wote ulibaki kwenye jiwe. Nilikaa nikatazama kile kijiko nikasema basi.

Baadaye ndiyo nimekipenda. Hakielei, kinazama haraka na kutulia kwenye vishimo vya karatasi, nikiinamisha ubao kinatiririka kama mchanga wa mvua barabarani. Mlima ule, nikauchora kwa unga wake wenyewe. Mama yangu aliyekimbia 2002, na tena Mei 2021, aliitazama akasema, "Huu sasa umenyamaza." Nikaifungia kabatini, siiuzi.

Swali kwa Fundi: mimi sina karatasi ya pamba. Nina karatasi ya printa na maboksi. Kuna njia?

---

Fundi_Katuba

Kaka wa Goma, pole kwa nyundo. Na mama msalimie.

Karatasi ya printa itajikunja kama ulimi wa ng'ombe, hata usijisumbue na maji mengi. Ukucha hauendi, chumvi haiendi. Bujie inakubali, na rangi kavu-kavu. Karatasi ya gramu 300 ndiyo inavumilia mateso, na ya pamba ndiyo inakaa na maji muda mrefu ukawahi hariri. Na uangalie unaponunua. Butike moja ilinipa bunda imeandikwa pamba, nikalipa pamba, nikalowesha, ikachubuka kama boga lililochemshwa. Jinsi ya kujua: lowesha kona, sugua na kidole mara ishirini. Ikitoa vijinyuzi, ni mbao tupu.

Bila pamba kabisa, mimi nafanya hivi. Wachoraji wakubwa wa hapa walichora kwenye mifuko ya unga, Tshibumba Kanda Matulu mmojawapo, alivyochora historia yote ya nchi miaka ya sabini. Nikasema mfuko huo huo utakunywa rangi za maji ukiuvalisha nguo. Kaza mfuko kwenye fremu, au chukua boksi gumu. Changanya chaki ya ubaoni iliyosagwa na gundi nyeupe ya seremala na maji, iwe kama uji mwepesi wa mtoto. Paka, kausha, sugua kwa msasa laini, mara tatu. Ukizidisha gundi maji yanateleza juu, ukizidisha chaki inabanduka. Dondosha maji kuijaribu: yakizama taratibu ukihesabu hadi kumi na tano, umepata.

Ina faida moja ambayo karatasi haina: unaweza kuifuta kabisa na kitambaa chenye maji, ukaanza upya. Na ina ubaya huo huo. Usiishike kwa kidole kilicholowa.

---

BintiUnguja

Na rangi za jikoni? Binzari, chai, bisapu? Naona watu wengi mtandaoni wanazisifu.

---

Mwalimu_wa_Fizikia_Likasi

Bisapu ni mchezo mzuri wa darasani. Nyekundu, ukitia magadi kidogo inageuka buluu, ukizidisha inakwenda kijani. Kama picha ya ukutani, nina wasiwasi. Fundi, si ulitundika vipande?

---

Fundi_Katuba

Ndiyo, nimerudi na majibu. Mwezi wa tano nilikata utepe wa karatasi, nikapaka mistari kumi, nikafunika nusu ya kila mstari na boksi, nikaubandika kwenye dirisha linalotazama machweo. Jana, mwisho wa mwezi wa nane, nimefunua.

Bisapu: nusu iliyofunikwa ni zambarau, nusu ya jua ni chai ya juzi. Ile ya magadi imetoweka kabisa, nilibaki natafuta ilikuwa wapi. Binzari: hivyo hivyo, njano imekwenda, kivuli chake tu. Chai na kahawa zimepauka nusu, kahawa ina afadhali. Kalamu ya alama ya mtoto, ambayo niliitia kwa utani, imekimbia ya kwanza.

Udongo wa kichuguu: hakuna tofauti. Mstari mmoja, pande zote sawa. Hapa nataka mnisikilize, maana malakiti imewachukua akili wote na kichuguu hakuna aliyekitaja. Vichuguu vyetu vikubwa vya njia ya Kasumbalesa, vile vinavyopita nyumba kwa urefu, watu wanafyatulia matofali. Udongo wake ni laini tayari, mchwa ameshafanya kazi ya kinu. Unachuja kwa chupa kama alivyosema Yaya, unatia gundi, basi. Kuna mwekundu wa damu ya mzee, kuna wa machungwa, na kule karibu na mto kuna wa njano mchafu. Rangi yake ni kutu ya chuma, na kutu hailiogopi jua. Ukiuchoma kwenye makala (mkaa), wa njano unageuka mwekundu.

Makala yenyewe: weusi wake haukubadilika. Malakiti ya Yaya (ya kati, aliyonipa): haikubadilika.

Na mstari wa kumi ni zambarau ya dukani, ya boksi la watoto, bei rahisi. Imekufa robo tatu. Hiyo ndiyo niliyochorea nguo za kwaya nzima mwezi wa nne, watu ishirini na wawili, picha iko ukutani sebuleni kwao, mkabala na dirisha.

---

Kalamu_Kavu

Umewaambia?

---

Fundi_Katuba

Nakwenda Jumapili. Nimesaga kichuguu, nina chupa mbili. Nitawaambia kwaya imebadilisha sare.

---

YayaWaKampemba

Mdogo, pitia kwangu kwanza, nikupe ya kijani kwa kola.